Mafunjo ya Ukingo wa Ziwa

Mgeni afikapo Mwanza kwa mara ya kwanza huonyeshwa mawe. Yafaa aonyeshwe, kwa maana mawe yetu ni makubwa, yamepangana juu ya vilima kana kwamba yalipandishwa kwa mikono, na lile liitwalo Bismarck, lililo majini karibu na mji, limo katika picha nyingi kuliko mtu ye yote wa hapa. Walakini mawe si ukingo wote wa ziwa. Penye ghuba, penye midomo ya mito, na po pote yasipopigwa sana na mawimbi, mawe hukoma na mmea mmoja huanza, nao ni mafunjo. Hayo mgeni haonyeshwi. Nasi wenyeji twayapita kila siku bila kuyatazama, ila siku tunapotaka kuyachoma. Basi mwezi huu twapenda kuwachukua watu wa nyumbani, na walimu pamoja na wanafunzi wao, hata kwenye mafunjo, tuyatazame kwa utaratibu.

Njia za kuyafikia ni nyingi. Kutoka mjini kwenda kusini barabara hufika Kigongo, mahali ambapo kwa miaka mingi watu walingoja kivuko cha kwenda Busisi na Sengerema. Tangu mwaka 2025 pana daraja refu lipatalo kilometa 3, na abiria huivuka ghuba ya Mwanza kabla hajamaliza kumenya chungwa lake. Saa zile za kukaa kando ya maji na kutazama zimetutoka. Hatulalamiki, maana safari ya mgonjwa haina subira. Ila atakaye kuona mafunjo sasa imempasa ashuke chini kwa kusudi. Upande wa mashariki, barabara ya Musoma hupita Kisesa na Magu, na huko Magu mto Simiyu huingia katika ghuba ya Speke kwa kupita ndani ya mafunjo. Mbele zaidi, mto Mara hauingii ziwani ila kwanza umepotea katika bwawa kubwa mno la mafunjo. Atokaye Musoma kwenda Tarime huliona kutoka daraja la Kirumi, limetandikwa kama shamba lisilo na mwenyewe.

Mtu asiyachanganye na matete. Tete lina fundo baada ya fundo, ndani ni tupu kama filimbi, na majani yake yamepangwa kando ya shina toka chini hata juu. Funjo halina fundo hata moja. Shina lake ni kijani, laini, lapanda moja kwa moja mita 3 au 4, na penye rutuba hata 5, na juu kabisa limebeba kichwa cha nyuzi nyembamba nyingi zilizotawanyika kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Lishike shina hilo ulizungushe kati ya vidole. Utaona kwamba halizunguki vizuri, kwa sababu lina pembe tatu. Hiyo ndiyo alama ya jamaa zake. Hata mkulima asiyewahi kufika ziwani anamjua ndugu mmoja wa funjo, yaani ndago, lile gugu la shambani lenye vitufe vidogo mizizini, ambalo ukiling'oa leo, kesho limerudi. Shina la ndago nalo lina pembe tatu. Wataalamu wa mimea wameyapa yote mawili jina moja la jamii, Cyperus. Ndago ni Cyperus rotundus, na funjo ni Cyperus papyrus. Mmoja ni adui wa jembe, na mwingine ni mrefu kupita nyumba zetu nyingi.

Tuliwauliza wanafunzi wa darasa moja majani ya funjo yako wapi, nao wote wakanyosha mikono juu, penye zile nywele. Sivyo. Majani ya funjo lililokomaa yamebaki kama magamba ya rangi ya kahawia chini kabisa ya shina. Kazi ya jani, yaani kuupokea mwanga wa jua na kutengeneza chakula cha mmea, imeshikwa na shina lenyewe pamoja na nyuzi za kichwani. Na kazi hiyo funjo hulifanya kwa njia ile ile ya mahindi, mtama na muwa, ambayo katika nchi za joto na jua kali ni njia ya haraka kupita ile ya mimea mingi. Kwa hiyo mashina yakikatwa, mengine huchipuka, na mahali pale hurudi kuwa msitu kabla mwaka haujatimia.

Lakini ajabu ya funjo iko chini, mahali pasipoonekana. Mashina tuyaonayo yote hutoka katika shina jingine nene, litambaalo likiwa limelala, gumu kama mti, na lenye unene wa mkono wa mtu. Hilo hujisokota na wenzake, na mizizi hujifunga katikati yao, na majani makuukuu huanguka juu yake na kuoza polepole, hata ukafanyika mkeka mzito. Na mashina yamejaa nafasi za hewa, kama sifongo. Basi mkeka huo ukifika penye maji ya kina hauzami, bali huelea. Mtu huweza kusimama juu yake, naye husikia nchi ikinepa chini ya nyayo zake, na chini ya nchi hiyo pana maji. Asiyeyajua mafunjo asijaribu jambo hilo peke yake, kwa maana mkeka una matundu, na atumbukiaye chini yake hupata shida kubwa kuuona mwanya wa kutokea.

Mkeka uelelao huweza kukatika. Ziwa likipanda ghafula, au upepo ukivuma kwa nguvu, kipande hung'oka na kusafiri pamoja na mafunjo yake yaliyosimama, na ndege zake, na nyoka zake. Wazee walioziona mvua kuu za mwaka 1961 husimulia habari za visiwa vya namna hiyo, kwa maana katika miaka ile, hata 1964, ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, na mafunjo mengi yaling'olewa pwani. Jambo hilo si hadithi ya kale tu. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena sana, na mwezi wa Aprili kisiwa kimoja cha mimea kilisukumwa na maji hata kwenye bwawa la umeme la Jinja, na nchi ya Uganda karibu yote ikakaa gizani. Hivyo majani yasiyo na mbao wala chuma yalisimamisha mitambo.

Mtu aweza kuuliza, Kama mafunjo hung'oka hivi, mbona hayaishi? Jibu lake liko katika mbegu. Mbegu za funjo ni ndogo sana, nazo haziwezi kukua chini ya maji mengi. Hungoja siku ziwa litakapopungua na tope kubaki wazi penye jua. Ndipo huota kwa maelfu, kama mchicha uliomwagwa. Maji yakirudi, michipukizi iliyokwisha kushikamana huinuka nayo na kuelea. Kitabu cha Ayubu huyataja mafunjo pamoja na matope, na aliyekiandika bila shaka aliujua mmea huu kwa macho yake. Kwa hiyo kupanda na kushuka kwa ziwa, ambako sisi wenye nyumba kando yake twakuhesabu kuwa ni msiba, kwa funjo ni majira yake ya kupanda na kuvuna.

Sasa tuingie ndani. Maji yaliyo katikati ya mafunjo si kama yale ya ziwa wazi. Ni meusi kama chai iliyokaa, yametulia, na hewa iliyomo ndani yake ni haba mno, kwa kuwa majani yaozayo huila yote. Samaki wengi hawawezi kuishi humo. Lakini wako waliojaliwa kuweza. Kamongo ana mapafu, naye hupanda juu kuvuta pumzi kama sisi. Dume lake huchimba tundu katika mizizi ya mafunjo, jike hutaga humo, kisha dume hukaa kulinda mayai na watoto. Kambare naye aweza kutumia hewa ya juu. Na wako furu, wale samaki wadogo ambao bibi zetu waliwatia chunguni bila kuwaita kwa majina mbalimbali, kumbe wataalamu wamehesabu kwamba ziwa hili lilikuwa na namna za furu zipatazo 500.

Habari za furu yafaa tuzieleze, kwa kuwa zilitukia hapa hapa kwetu. Sangara hakuwa samaki wa ziwa hili. Alitiwa humo na watu katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, ili wavuvi wapate samaki mkubwa. Kwa muda alikuwa haba, kisha katika miaka ya 1980 akazidi ghafula, akawala furu. Wakati huo walikuwako Mwanza wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, ambao tangu mwaka 1977 walikuwa wakiwachunguza furu katika ghuba yetu. Basi wakashuhudia nyavu zao zikitoka na namna chache zaidi mwaka kwa mwaka, hata mahali pengine zikatoka na sangara tu. Namna nyingi sana zilitoweka. Lakini sangara, pamoja na ukubwa wake na meno yake, anahitaji maji yenye hewa nyingi. Hawezi kuingia katika maji meusi ya mafunjo akakaa. Na furu kadhaa waliozoea hewa haba walisalimika humo, nyuma ya ukuta wa majani, wakati ndugu zao wa maji wazi walipokuwa wakiliwa. Twaamini kwamba hakuna boma katika nchi hii lililookoa viumbe wengi kama hilo, na halina mlinzi.

Wakazi wengine wa mafunjo tutawataja kwa haraka. Yuko nzohe, mnyama wa jamaa ya tandala, mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame katika tope. Akiogopa huingia majini akaacha pua tu nje. Siku hizi mahali pazuri pa kumwona ni kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Wako kwera wafumao viota vyao juu ya mashina. Na kandokando ya ziwa, hasa pande za Uganda na Kenya, yuko ndege mmoja mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye hakai penye mti wala penye nyasi, bali katika mafunjo peke yake. Mafunjo yakiisha, ndege huyo hana pa kuhamia.

Maji ya ziwa letu hutoka Jinja, yakafuata mto Nile, yakapita mabwawa makubwa ya mafunjo ya Sudani Kusini, hata yakafika Misri. Watu wa Misri ya kale waliukata mmea huu huu, wakaumenya ngozi yake ya kijani, na moyo wake mweupe wakauchana vipande vyembamba. Wakavipanga safu moja, na juu yake safu nyingine kwa kukingamana, wakavipondaponda na kuvigandamiza, na utomvu wake ukavishikamanisha. Vilipokauka vikawa kitu cha kuandikia. Zimeonekana huko Misri hesabu za wafanya kazi zilizoandikwa hivyo miaka ipatayo 4,500 iliyopita, nazo zasomeka. Lugha zetu nazo zina alama ya jambo hilo. Neno letu karatasi tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa ni jina la ukurasa wa mafunjo. Na jina la Biblia asili yake ni neno la Kiyunani la mmea huo huo. Kile kisafina alimolazwa mtoto Musa nacho kilisukwa kwa mafunjo. Walakini katika Misri yenyewe mafunjo ya mwitu yamekwisha karibu yote, maana waliyalima mabwawa yao. Mwalimu afundishaye habari hizo hapa Mwanza asiwaonyeshe wanafunzi picha. Awapeleke wakakate shina moja, walimenye, na kuupanga moyo wake chini ya mawe kwa siku chache. Watapata kipande kibaya, chenye mikunjo, lakini wino utakaa juu yake.

Sisi wa kando ya ziwa hatukufanya karatasi. Tulifanya mikeka, kamba, nyua na mapaa. Huko Dunga, karibu na Kisumu, wako wanawake wanaosomesha watoto wao kwa mikeka na vikapu vya mafunjo. Wanaume kwetu hukata mashina kwa ajili ya kuezeka vibanda vya kambi za uvuvi. Ni kazi ya fedha kidogo, na mtu hushinda majini kiunoni, penye ruba na hatari ya kichocho.

Hapo ndipo lilipo shauri gumu, nasi hatutaki kulificha. Siku moja tulimkuta mtu mmoja kando ya ghuba akichoma mafunjo ili apande nyanya na kabichi. Tukasalimiana, tukamwuliza kwa nini asilime juu mlimani.

"Mwalimu," akasema, "mlimani nangoja mvua, na mvua haisemi siku itakayokuja. Hapa nalima hata kiangazi. Na hilo funjo, je, laliwa?"

Tukamwambia, "Haliliwi, baba, ila linakulishia samaki."

Akacheka, akasema, "Samaki wa watu wote, Mwalimu. Nyanya ni zangu."

Neno lake lina uzito. Udongo ulio chini ya mafunjo ni mweusi, umejaa mboji ya miaka mingi, na mavuno ya kwanza hupendeza sana. Lakini udongo huo umekuwa hivyo kwa sababu ya maji. Ukiisha kutiwa mifereji hukauka, hushuka chini, na moto ukiingia huweza kuwaka wenyewe kwa ndani siku nyingi. Na mahali pengine hugeuka kuwa mchachu, usikubali zao. Aliyeshiba kwa misimu michache aweza kujikuta na nchi ngumu isiyo shamba wala bwawa. Zaidi ya hayo, mto uliokuwa ukipita polepole katikati ya mashina, ukaacha tope lake na samadi yake humo, sasa hupita moja kwa moja hata ziwani. Funjo hula vitu hivyo. Ndivyo vinavyolifanya kuwa refu. Lisipokuwapo, vitu hivyo huliwa na mwani wa kijani, na gugu maji lile lililoonekana ziwani kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Na ziwa hilo ndilo tunalokunywa. Mji wa Mwanza, uliokuwa na watu zaidi ya 1,000,000 kwa hesabu ya mwaka 2022, huyateka maji yake Capri Point na Butimba, na mto Mirongo uliopita katikati ya nyumba humwaga ziwani hilo hilo. Wenzetu wa Kampala wanalo bwawa la Nakivubo, ambalo kwa miaka mingi mafunjo yake yamekuwa yakiyapokea maji machafu ya mji kabla hayajaingia ziwani. Nalo limeliwa sana na mashamba na majengo.

Wengine husema, Mafunjo yafyekwe kwa sababu ya mbu. Tulidhani neno hilo lina haki, mpaka tuliposoma habari za Kabale, Uganda, ambako utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulipima vijiji vilivyo kando ya mabwawa ya mafunjo na vile vilivyo kando ya mabwawa yaliyolimwa. Penye mabwawa yaliyolimwa kulikuwa na joto zaidi, na mbu wa malaria walikuwa wengi zaidi. Kivuli cha mafunjo hakimfai mbu huyo, apendaye vidimbwi vilivyo wazi kwa jua, kama vile vya matuta ya mboga. Haina maana kwamba bwawa ni mahali pa usalama, kwa maana mamba wamo, na kiboko hulala humo mchana. Ila kosa la mbu lisihesabiwe juu ya funjo peke yake.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kuharibu ukingo katika mita 60 kutoka kwenye maji. Watu wengi wameisikia, na wachache hujua mita 60 huanzia wapi, kwa kuwa ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Sisi twaona kwamba kwa watu wa nyumbani alama iliyo rahisi ni mafunjo yenyewe: yalipokoma, jembe na lianze hapo.

Na wakataji wa mafunjo hawakatazwi na akili. Tumewauliza wale walioizeekea kazi hiyo, nao husema hivi. Hukata mashina yaliyokomaa, yale ambayo kichwa chake kimeanza kugeuka rangi, na machanga huyaacha. Hukata kwa panga kali juu ya maji, wala hawang'oi, kwa maana shina la chini likitoka, mkeka hutoboka na maji huingia. Mahali palipokatwa mwaka huu hupaacha hata mwaka ujao, wakaenda ng'ambo. Kwani funjo likatwalo mara kwa mara bila kupumzishwa hudhoofika, likazidiwa na majani mengine yasiyo na kazi. Mashina huanikwa kwanza siku chache, ili yasioze yakiisha kusukwa. Bei ya mkeka huwa nzuri majira ya mavuno, watu wanapokuwa na fedha, na huanguka wakati wa njaa. Jambo moja tu wanawaomba majirani zao, hasa wachungaji na wawindaji: wasitie moto katika miezi ya kiangazi, ziwa linapokuwa chini na mkeka umekauka. Funjo lichomwalo juu ya maji huchipuka tena. Lichomwalo juu ya mboji kavu huungua pamoja na shina lake la chini, na hapo wakataji hurudi mwaka wa pili wakakuta majivu na maji.